Daftari la Kona

Mimi ndiye niliyeshika daftari.
Jina langu halipo kwenye kombe, si neno;
kombe lina nafasi ya mtu mmoja,
na mtu huyo alikuwa Numbi Kasweka wa Katuba,
fundi wa breki kwenye gereji ya kampuni ya shaba,
aliyejifunza mbio kwa kuyajaribu magari ya wakubwa
Jumapili, wakubwa wakiwa kanisani.

"Kushoto tatu. Shuka. Mchanga. Kulia mbili, usikate,
kuna jiwe." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.
Barabara ya Likasi ilitujia nyekundu,
mbuzi, baiskeli za makaa, mbuzi tena,
naye haitazami, anatazama vumbi la aliye mbele,
analisoma kama mama asomavyo moshi wa jiko lake.
Mara nne alishinda. Mara nne Katuba haikulala:
michopo ikaisha, bia ikaisha,
mtoto aliyezaliwa usiku mmoja wa hizo akaitwa Pistoni
(yuko hai, anauza vocha za simu, hapendi kuulizwa).

Mwaka wa tano tulisimama Kapolowe, kabla ya daraja.
Si ajali. Petroli.
Kampuni ilikuwa imeacha kulipa hata mishahara;
tulijaza nusu ya tanki, nusu nyingine tukajaza imani.
Tukakaa juu ya boneti tukila karanga,
wenzetu wakipita mmoja mmoja,
naye amefumba macho, akiitaja kila injini kwa jina la mwenyewe:
"Huyu vali yake inalia. Huyu atafika."

Kisha akapewa gari la parokia, lile la kubebea maiti.
Miaka kumi na tisa.
Bingwa wa Katanga nzima, gia ya kwanza, gia ya pili,
na nyuma watu kwa miguu wakiimba.
Sikuweza kumwacha. Niliketi upande wangu,
na kwenye mzunguko wa posta nilinong'ona:
"Kulia sita, ndefu. Shimo."
Akatikisa kichwa, kama zamani.
Alisema mwendo ule ndio mgumu:
"Kwenye mbio ukikosea, unakufa wewe.
Hapa ukikosea, unamwamsha mtu."

Makombe matatu aliyauza mwaka wa njaa
kwa wanunuzi wa vyuma. Wakakwaruza, wakapima:
hata shaba si shaba. Katika mji huu!
Alicheka mpaka akaketi chini.
La nne mjane wake analipimia unga wa bukari.

Leo mijakaranda imemwaga maua yote barabarani
na sisi tunampeleka Gambela.
Usukani ameshika Ngoie, binti yake,
yeye wa malori ya Kasumbalesa, tani thelathini mgongoni,
ambaye hakanyagi breki ndani ya kona
na ukimuuliza nani kamfundisha, hajui.
Hakufundishwa. Alikaa tu kati yetu siku zisizo na msiba,
miguu haifiki chini,
akitazama goti la baba yake.

Macho yangu hayasomi tena.
Daftari nimelifunua hivyo hivyo.
"Baba Kalenga," akasema, "sema basi."
Nikasema: kushoto nne. Mchanga.
Nikasema: mbele kuna watu, ni wetu.
Usikate.