Mita Moja na Sabini

Kabla haijaja, nilikuwa mtunza hewa.
Wangeandika hivyo kwenye barua yangu ya kazi:
Elinami Mosha, ghala la kahawa, Njoro, Moshi,
mlinzi wa nafasi zisizo na kitu.
Maana foklifti ya zamani ilitaka uwanja
kama fahali anayegeuka zizini:
mita tatu na nusu kila ujia,
na moshi wa dizeli juu ya kahawa ya watu.

Tajiri akataka kununua karakana ya jirani,
pale Ndewirwa anapochomelea mageti.
Akanituma nipime. Nikapima kwake, nikapima kwetu,
nikarudi na jibu lisilomfurahisha:
Bosi, nafasi tunayo. Tumeilaza chini.

Ndipo ikaja hii, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi,
inayogeuza shingo, si kiwiliwili.
Haitaki mchezo na sakafu mbovu.
Siku tisa tulisugua zege, mpaka gololi
ukiiweka katikati inatulia palepale,
inakutazama.
Safu sita zikawa kumi na moja.
Magunia yakapanda hadi yakaanza kusikia mvua
kabla yetu sisi wa chini.

Dereva ni Aikande.
Alisomea Arusha wiki tatu, akarudi na kofia ngumu
na tabia ya kutojibu akiwa juu.
Kulia kiganja, kushoto kiganja, basi.
Mchungaji hutuhubiria njia nyembamba;
Aikande huipita mara mia kwa zamu
na hajagusa nguzo hata siku moja.
Siku moja. Aligusa siku moja. Tukaipaka rangi.

Alhamisi taa zilizimika, yeye yuko mita tisa.
Mashine ina betri yake, lakini giza ni giza.
Nikamwita. Kimya.
Nikamwita tena, sauti ikapotea kwenye magunia.
Halafu kutoka karibu na bati:
“Subiri. Kuna tundu la hewa huku.
Namwona Ndewirwa. Kaegemea geti
lisilo na nyumba, anakunywa chai.”

Sitasema hakuna aliyepoteza.
Benchi la wapagazi lilikuwa na upana wa safu moja,
na safu moja ni magunia mia sita.
Wawili walipewa bahasha. Kunda alibaki,
anabandika namba;
bega lake la kulia bado limeinama,
kama linasubiri kitu.

Nyumbani, Kirua, kihamba cha baba
kimeshakatwa mara mbili.
Mimi na kaka Elirehema tunagombania
hatua kumi na moja, na mama anatucheka:
Ghala lenu limegundua nini?
Mgomba juu, kahawa chini ya mgomba,
magimbi chini ya kahawa,
na bado mbuzi anapita katikati.

Jumamosi nikapanda na futi mfukoni.
Nikamwambia kaka: tusikate tena,
tujenge moja, tuipandishe juu.
Akaitazama futi. Akautazama mgomba
kuanzia shina mpaka mkungu.
Kisha akauliza lile swali
ambalo tajiri hakuniuliza:
“Na chini atalala nani?”