Jahanamu Chini ya Sakafu

Hamamu ya nyuma ya soko la shaba, hapa Tokat,
tulipoifungua, kufuli lilivunjika kabla ufunguo haujazunguka.
Ndani, harufu ya jibini. Miaka thelathini
mchuuzi mmoja alirundika humo mapipa yake
na panya wakanenepa chini ya kuba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nakubali.
Lakini hapa ufa ulizibwa.
Ulizibwa mapema, kwa moyo safi, kwa saruji,
mwaka uleule babu yangu Bedri aliponunua redio,
na ukuta ukakosa pa kupumulia.
Chumvi ikauchomoza mwilini kama jasho la mgonjwa,
ikayala matofali kutokea ndani,
polepole, mdudu na haragwe lake.
Basi kazi yangu, miezi saba,
ilikuwa kuzibua kilichozibwa:
patasi, nyundo ndogo, brashi ya manyoya.
Saruji ni ngumu, ndiyo. Ugumu si nguvu.

Bi Müfide, msanifu, hakuruhusu mashine.
Chokaa tuliilaza shimoni msimu mzima wa theluji,
tukaichanganya na unga wa matofali mabovu
hata ikapata rangi ya shavu la mtoto aliyetoka kuoga.
Hiyo hupanda na kushuka pamoja na ukuta.
Hupasuka kidogo, kisha hujiponya yenyewe
bila kumwita mtu.

Vitundu vya kuba huku kwetu huitwa macho ya tembo.
Tembo mwenyewe hakuna aliyemwona.
Macho sabini na matatu, na arobaini kati yao
yamepofuliwa kwa lami ili mvua isinyeshee jibini.
Nihat alivipuliza vioo upya, kimoja kimoja,
kila kimoja na kiputo chake, na yeye akitukana.
Siku jua liliporudi, lilianguka sakafuni mabaka mabaka;
tukawa tunayaruka,
kama mtu anayeogopa kukanyaga nguo za wenyewe.

Na chini ya sakafu ipo jahanamu.
Ndilo jina lake, sitanii:
nguzo fupi za mawe, kimo cha mtoto anayetambaa,
moto ulipita humo kwa tumbo, ukaipasha marumaru,
kisha ukapanda ndani ya kuta kwa mabomba ya udongo.
Mayatima wa mji walilala tanurini, juu ya majivu.
Nilikuta viganja vitano kwenye masizi,
kimoja hakina kidole cha shahada.
Bi Müfide akainama na tochi, akakaa kimya,
akasema: hapo usisugue.

Manispaa imeshaamua. Maji hayatarudi.
Patakuwa na tiketi, taa za buluu,
sanamu ya nta iliyofungwa taulo kiunoni.
Ila mabomba lazima yapimwe kwa moshi, sheria ni sheria,
kwa hiyo usiku ule nililisha tanuri mwaloni na majani mabichi
nikapanda paani kuhesabu.
Kati ya ishirini na mawili, kumi na tisa yalitoa moshi.
La ishirini lilitema kiota cha mbayuwayu.
Mawili yamenyamaza mpaka leo.
Nilitakiwa kuuzima moto saa nne.
Sikuuzima.

Alfajiri akaja Bi Hacer,
aliyesugua migongo ya nusu ya mji huu
enzi akina mama wakiwapima wachumba wa wana wao
kwa jicho la pembeni, katikati ya mvuke.
Bakuli lake la shaba limo ndani ya mfuko wa plastiki.
Alivua viatu bila kuambiwa, akaliendea jiwe la kitovu,
akaligusa kwa kiganja, kisha kwa shavu.
Lilikuwa vuguvugu. Vuguvugu tu,
chai iliyosahauliwa mezani.
Akagonga bakuli kwenye marumaru, mara moja,
akainua uso, akalisubiri kuba.

Sijui alisikia nini.
“Beseni lile la kushoto,” alisema,
“mmelipachika kinyume.”

Nikaenda kuchukua patasi.