Somo la Moyo, Darasa la Tisa

Asubuhi ile, Naryn, baridi ilikuwa imeng'ata vioo
na wino wa Mwalimu Burulai umegoma ndani ya kalamu.
Akaupulizia. Akaukaripia. Akageukia chaki:
vali, ventrikali, aota,
maneno yenye mgongo mnyoofu, kama wageni
waliokataa kuvua makoti.

Mimi nilikuwa hodari wa maneno.
Niliyadonoa kama kuku adonoavyo punje,
bila kutafuna, bila kuuliza yalilimwa wapi.
Kromosomu. Mitokondria. Usanisinuru:
hilo la mwisho nilipenda kulitamka Januari,
mwezi ambao huku kwetu halibaki jani
la kulitolea ushahidi.

Kubat alikaa nyuma, ubavuni mwa jiko la makaa,
akinuka sufu na moshi.
Alipoulizwa seli ni nini, alitazama dari.
Alipoulizwa tena, alisema,
"Kitu kidogo, Mwalimu. Hakionekani."
Tukacheka, sisi ambao hadubini yetu
ilikuwa na jicho moja, nalo limepasuka;
tukacheka kana kwamba tuliwahi kukiona.

Ndipo Mwalimu akatoa mkobani
moyo wa kondoo uliofungwa gazetini.
Karatasi ilikuwa imegandia nyama.
Alipoibandua, habari zilibaki juu yake kinyumenyume,
bei ya makaa, nusu ya uso wa bondia.

Akashika kisu cha maabara. Mkono ukatetemeka.
Alizaliwa mjini, alisomea picha,
na moyo wa kitabuni hautelezi.
Akakata upande, akachana alichotaka kutuonyesha,
akasema "samahani", hatukujua anamwambia nani.

Kubat akainuka. Hakunyoosha kidole.
"Siyo hapo, Mwalimu. Una njia yake."
Akaupapasa kwa kidole gumba
kama fundi atafutaye mshono wa koti,
akaufungua pasipo nguvu,
mlango ambao bawaba zake anazijua.

Ndani, nyuzi nyeupe, nyembamba, zimekaza.
"Kano," nikasema haraka, kabla ya mwingine.
"Kano," Mwalimu akaitikia. "Vizuri, Begimai."
Kubat akaivuta moja kwa ncha ya kisu,
na kule juu kijani cha vali kikasogea,
kikatii.
"Bibi huziita hatamu," akasema.
"Zikikatika, moyo unakwenda mbio bila mpandaji."

Hakuna aliyecheka.
Nilikuwa nimezichora mara tatu, kwa penseli ya buluu,
nikazipa jina, nikazipigia mstari,
sikujua kwamba zinashika kitu.
Nikavua glavu. Nikagusa.
Baridi kwanza, kisha vidole vyangu
vikaanza kuipasha joto, nikavitoa.

Kwenye mtihani mishale ilikuwa kumi na miwili.
Mimi nilijaza yote.
Kubat alijaza mmoja: hatamu.
Mwalimu alikuwa ameweka mkasi mwekundu,
kisha, naamini, akaufuta kwa kidole wino ungali mbichi,
maana palibaki doa,
si kosa, si sahihi,
na kando yake, kwa mwandiko mdogo mno,
*nani alimfundisha bibi?*

Sijui kama alijibiwa.
Majira ya kuchipua Kubat alipanda na mifugo malishoni
na kiti chake tukakiwekea makoti.

Lakini siku ile ya baridi, kengele ilipolia
na Mwalimu akanyanyua ndoo ya taka,
Kubat aliwahi kuukinga moyo kwa viganja viwili.
"Hiki ni chakula," akasema, bila ukali.
Akaufunga tena na bondia wake na bei ya makaa.
Nasikia jioni, nyumbani kwao,
walilila somo letu zima,
ventrikali, vali, aota,
kwa kitunguu,
na bibi akaomba aongezewe chumvi.