Kadi Mpya

Zahanati ya Wete, foleni ya wachanga.
Kinamama wamepakata, khanga begani,
na kati yao umekaa wewe, Shaame,
miaka saba, mapengo mawili,
viatu vya skuli vinaning'inia.

Nesi akaita: "Wa dozi ya kwanza!"
Nikakuinua. Akatazama nyuma yangu,
akimtafuta mtoto.
"Ndiye huyu." Benchi zima likacheka,
nawe ukacheka nao, hujui wanacheka nini.

Niwaelezeje, mie wa darasa la sita?
Kwamba ile chanjo ya bega la kulia
iliyowaachia wenzako kakovu
wewe ilikuchimbia jipu kwapani,
kwa kuwa walinzi wa damu yako walikuwepo,
wamesimama, wamevaa sare,
mikono mitupu.

Watu walisema jicho. Walisema ziwa la mama.
Tukakuandikia kombe, ukanywa zafarani,
homa ikarudi usiku uleule.
Mama hakumjibu mtu. Alihesabu vidole:
kaka yake Mkubwa, kaka yake Asaa,
mwanawe wa mwanzo, tuliyemzika
jina lake halijatuzoea mdomoni.
Wavulana. Wote wavulana.
Mpaka dakta alipomchorea mstari
kutoka kwa bibi, kwake, hadi kwako.
"Kwa hivyo ni mimi."
Dakta akasema si kosa la mtu.
Mama akaikunja ile karatasi
ikawa ndogo kama hirizi.

Mimi walinipima, wakasema: wanalingana.
Baba akaweka rehani mikarafuu kumi na minne,
msikiti ukachanga, serikali ikamalizia.
Huko Chennai wakanilaza kifudifudi
wakachota uboho kwenye nyonga.
Nilikuwa na swali moja, maana nimekua
nikigonga mifupa ya supu kwenye sinia
mpaka haitoi kitu:
"Na wangu ukiisha?"
Baba akanitafsiria: hujaa tena.
Kama kisima, akaongeza la kwake.

Wewe hukupasuliwa. Walikutundikia mfuko,
mwekundu, mzito, tone kwa tone,
nawe nyuma ya kioo, kichwa kama kibuyu,
ukaniuliza kwa mkono: iliuma?
Nikakudanganya kwa kichwa.

Sasa wanasema damu yako ni ya kike.
Tone lolote likipimwa, linanitaja mimi.
Umeniapisha nisiwaambie wenzako wa mpira.
Na damu hii ngeni haikumbuki chanjo hata moja;
ndiyo maana tuko hapa, na kadi mpya,
jina limeandikwa, visanduku vyote vitupu.

Sindano ikaingia pajani. Ukalia.
Mchanga wa pembeni akakusikia, akalia,
na wa pili, na wa tatu,
zahanati nzima ikawa kilio,
nesi akatupa mikono: "Kaka mkubwa, umewaharibu!"
Nilijikuta nimeshika nyonga.

Usiku paja likavimba, homa kidogo.
Mama akakaa macho, kama zamani,
bakuli la maji, kitambaa, tasbihi.
Kabla ya adhana ya alfajiri
homa ikashuka yenyewe.