Ya Kukunjwa

Umeniuliza, Fiammetta, kwenye kaunta ya duka la dawa,
kama inafaa: baiskeli ya umeme, ile ya kukunjwa.
Ulitaka neno moja, foleni ilikuwa ndefu.
Neno moja sina. Nina ngazi themanini na nane.

Kwanza bei. Euro elfu moja na mia nne,
zile nilizoziweka kwa ajili ya magego ya chini.
Basi natafuna kwa upande mmoja
na mlima wa Oregina naupanda bila jasho.
Kaka yangu Ettore alinionya: rahisi ghali.
Nikamwambia hii ni ghali tangu mwanzo, sasa tuiiteje?

Dukani kijana aliikunja kwa sekunde kumi na mbili,
akaiinua kwa mkono mmoja, anatabasamu,
utadhani kikapu cha mayai.
Hakusema kwamba betri ameiacha kabatini.
Kilo kumi na saba, Fiammetta, betri ikiwemo,
na jengo letu halijawahi hata kuota lifti.
Mchana mimi naipanda.
Jioni yenyewe inanipanda mimi,
begani, ghorofa baada ya ghorofa,
pedali ikinidonoa mbavu kama kuku mwenye njaa.
Wiki ya kwanza bawaba ilinibana kidole cha shahada.
Siku tatu niliwadunga watu sindano kwa mkono wa kushoto.
Hawakulalamika. Walifumba macho tu.

Januari betri husingizia baridi.
Machi ilizima katikati ya mwinuko, mvua inanyesha,
na baiskeli ya umeme iliyozima
ni jiwe lenye kengele.
Kwenye gari la kebo mlinzi mmoja huniruhusu,
mwenzake hunikatalia,
kwa kanuni ile ile, ukurasa ule ule.

Lakini kuna hili, ambalo dukani halisemwi.
Zamani nilifika kwa wagonjwa pumzi juu juu,
mkono hautulii mpaka ninywe maji yao.
Sasa nafika mkavu.
Sindano huingia kabla hawajamaliza kusema "taratibu".

Na mzee Dellacasa, dereva wa tramu enzi hizo,
miaka tisini na mmoja, insulini saa moja kasorobo asubuhi.
Kwenye kichochoro chake hata mkeka wa mlangoni huibwa,
hivyo nikaingia nayo chumbani, imekunjwa,
ikakaa miguuni pa kitanda kama mbwa aliyefunzwa.
"Ikunjue," akasema. Nikaikunjua.
"Ikunje." Nikaikunja, yeye kashika saa yake ya kazi.
"Sekunde thelathini na moja. Abiria wameshashuka."
Ikawa hivyo kila asubuhi, kabla hajapandisha shati.
Mwezi wa pili tulifika kumi na tisa.
Siku moja akataka kujua, betri ikiisha itakunjika?
Nikasema kukunja hakuhitaji betri.
Akalitazama goti lake, lililogoma tangu kiangazi,
akasema: samaki mkunje angali mbichi.
Kisha, huku akifunga vifungo vya shati:
"Sisi walitusahau juani."

Mwanawe alikuja na gari akamhamishia Torino,
kwenye tambarare, kwenye nyumba yenye lifti mbili.
Mimi bado naikunja nikihesabu.
Jana, kumi na saba.
Sikuwa na wa kumwambia, ndiyo maana nakuambia wewe.

Kwa hiyo, inafaa?
Kama kwenu kuna lifti, unanipotezea muda, kanunue.
Kama hakuna, njoo Alhamisi, kengele ya tatu kutoka chini.
Nitakupa uibebe mara moja, na betri yake,
mimi nitangulie na mikoba.
Ukifika juu na pumzi ya kunitukana, nunua.
Ukifika kimya,
kahawa ipo.