Kitambaa cha Bogumiła

Miaka thelathini na mmoja Bogumiła alisimama
mbele ya mashine za kufuma, kiwandani Łódź.
Masikio yakaziba kwa kelele, vidole vikaota macho.
Kwa hiyo daktari alipomchorea mshipa mkuu wa tumbo
na bomba la kitambaa alilotiliwa miaka minne nyuma,
aliuliza kwanza:
ni la mtande na mshindio, au la sindano, kama fulana?
Daktari Wierzejski hakujua. Akaona haya, akaenda kuuliza.

La sindano, alirudi kusema. Poliesta.
"Basi lina vitundu," akasema yule mama,
"na penye kitundu uchafu hulala."

Ndivyo ilivyokuwa. Homa za jioni,
kinena kikivuja usaha mwembamba kama uji wa mgonjwa,
dripu wiki sita, na vijidudu
vimejifunika utelezi wao ndani ya nyuzi,
vinaisikia dawa ikipita
kama wapangaji wasiofungua mlango.

Doa la grisi halifuliwi, hukatwa na kipande chake.
Hayo aliyasema yeye, si daktari.

Jumanne walimfungua, theluji ikianza.
Kwanza vena ya paja, ndefu, buluu iliyochujuka:
wakaikata katikati, wakaiunga juu,
ikawa suruali ndogo ya miguu miwili.
Kisha koleo juu ya aota. Kimya.

Kitambaa kilitoka bila kuvutwa.
Hilo ndilo lililotutisha.
Miaka minne, na hakikuwa kimeshikana na nyama popote.
Mimi ndiye niliyekipokea, beseni mkononi.
Nguo ya kuazima haisitiri; sisemi zaidi.

Koleo likaachiwa. Nyayo zilizokuwa rangi ya nta
zikapata damu, kidole baada ya kidole.

Siku ya nane akaomba akione.
Nikamwambia kiko maabara, kimekatwakatwa.
Akanyamaza. Halafu:
"Lakini kilikuwa kazi nzuri? Nyuzi zilikaa sawa?"
Nikasema ndiyo. Sikuwa nimetazama.

Sasa mguu wa kushoto, ule uliotoa mshipa, umevimba,
na kila asubuhi namletea soksi ya kubana.
Kabla sijamvalisha anaipindua,
anaupapasa mshono kwa ukucha, taratibu, mpaka mwisho.
"Hapa kisigino," anasema, "mtu alikuwa na haraka."