Deni la Sajini Whitlock

Kule waliapa saa sita mchana.
Huku Dongducheon ilikuwa saa nane za usiku,
nami nilikuwa macho, hita ya mafuta ya taa ikinuka miguuni,
nikitia sharubu kwenye uso wa chuimilia.

Sharubu ni kazi ya uzi mmoja.
Ukikohoa, mnyama atakunja uso maisha yake yote.
Kwenye televisheni mkono uliinuliwa, watu wakapiga makofi,
na mimi sikukohoa.

Koti ni la Sajini Whitlock.
Atilasi nyeusi, chuimilia mgongoni,
kifuani ramani ya nchi yetu, nusu tu, ile nusu anayoilinda,
na jina lake kwa uzi wa dhahabu
sentimita mbili juu ya mfuko.
Alilipa rubuni, won elfu sabini.
Elfu sabini nyingine, alisema, Ijumaa.

Kabla ya Ijumaa hiyo, serikali mpya ikatupigia hesabu.
Msemaji mwenye karatasi tatu mkononi alisema tunadaiwa.
Tumelala vizuri miaka sabini, alisema,
na usingizi una bei.
Mkalimani wetu alisita kwenye neno “mshirika”,
kama mtu anayeonja supu aliyoonywa kuwa ina mwiba.

Mama yangu aliwafulia nguo kwenye mto huu,
barafu akiivunja kwa kisigino.
Sijui hesabu ile imemwandika upande gani.
Wala sijui imemweka wapi Bibi Seol, muuza kabichi za kuchachushwa,
ambaye shamba lake liligeuzwa uwanja wa shabaha.
Yeye husema: waende. Waende hata leo,
nitawafungia na masurufu ya njiani.
Halafu huniuliza, sauti chini,
“Lakini wakienda, Kaskazini watasikia?”

Mimi kazi yangu ni mabega.
Nimeyapima tangu ujana, najua yalivyopanuka.
Tawala hubadilika kule, bendera haibadiliki:
nyota hamsini, nazishona hata nikisinzia.
Kinachobadilika ni mkono wa kijana anayesubiri dukani.
Zamani ulipapasa kitambaa. Mwezi huu umeshika simu,
mwenyewe anaangalia kama kikosi chake kimetajwa.

Cha Whitlock kilitajwa Alhamisi.

Mabasi yalipita mbele ya duka alfajiri, taa za ndani zimezimwa.
Nikasimama mlangoni na futi shingoni,
kana kwamba naweza kuwapima wakiwa mwendoni.
Mmoja alipunga mkono.
Huenda alikuwa anafuta ukungu wa kioo.

Mwanangu Gyu-tae akapiga simu kutoka Busan:
Baba, fumua jina, uza koti.
Nikaanza. W inatoka kwa shida, ina pembe nyingi.
H. I.
Nilipofika T nikainua kitambaa kwenye taa:
matundu ya sindano yamebaki, safu safi,
herufi zilezile, sasa zimeandikwa kwa mwanga.
Atilasi haisahau. Ndiyo maana ni ghali.

Nilitumia usiku mzima kuzirudishia uzi.

Daftari la zamani limejaa, nimenunua jipya, jalada la kijani.
Madeni nayahamisha kwa mkono, moja moja:
mwalimu Cheon, suruali; kanisa, majoho mawili;
Whitlock, elfu sabini.
Sikuandika riba.

Mkimwona, popote walipompeleka,
mwambieni sharubu zimekamilika, hazikupinda hata moja,
na duka hufungwa saa mbili usiku,
ingawa nikiona taa za basi huwa nachelewa kidogo.